Kwa Nini Tulikuita Sikitu

Mwanangu mpenzi,

Wewe na baba yako mmeshuka Moshi kufuata viatu vyako kwa fundi, mimi nimebaki peke yangu na begi lako lililokwisha kufungwa hapa karibu na mlango. Sitakuandikia habari za kuchemsha maji ya kunywa wala za kutia komeo jioni. Hayo unayajua, na usiyoyajua utafundishwa na watu wa huko. Nataka tuzungumze juu ya jina lako tu.

Jumapili tulipokuwa tunamenya ndizi uliniambia, macho yako yakiwa kwenye kisu, "Mama, nikifika Lindi nafikiri nitajiita Aika. Kule hakuna anayenijua, hakuna atakayeshangaa." Nikakuuliza kwa nini. Ndipo ukanisimulia habari za yule bwana wa kwenye usaili aliyesoma jina lako, akacheka, akamgeukia mwenzake: "Huyu anaomba kazi ya ualimu na mwenyewe anatwambia si kitu." Ulicheka pamoja nao, kisha ukaenda kulia chooni. Kazi wakakupa. Kicheko kile nacho ukarudi nacho nyumbani.

Siku ile sikukujibu. Nilikwambia tu utie ndizi kwenye maji zisigeuke nyeusi. Ukadhani nimekasirika, na tangu hapo umekuwa ukinipitia kwa mbali jikoni. Sikukasirika, mama. Nakwambia mapema ili usisome barua hii umejikunyata. Jina ni lako, ukitaka kuitwa Aika huko uendako, itwa. Lakini habari ya jina hili umeipata vipande vipande, kimoja kwa baba yako, kimoja kwa bibi, na vingine tulikuficha kwa sababu ulikuwa mdogo. Afadhali uamue ukiijua yote.

Kabla yako nilizaa mara mbili. Hilo unalijua, umeyaona yale makaburi madogo nyuma ya migomba. Usichojua ni jina la yule wa kwanza. Alikuwa msichana, na kwa desturi yetu binti wa kwanza huchukua jina la mama yake baba. Kwa hiyo aliitwa Aikaeli kama bibi yako, maana yake mshukuru Mungu. Bibi alikuwa akimbeba mgongoni tangu asubuhi, anakata naye majani ya ng'ombe, anamwita "mimi mdogo." Alikuwa ameanza kucheka tu, kile kicheko cha kwanza kinachomshtua mtoto mwenyewe, homa ikamshika. Alfajiri moja nilimwita pale kitandani. Nikamwita tena. Nikaendelea kumwita hata baada ya baba yako kunishika mikono.

Wa pili, mvulana, alizaliwa bila pumzi. Huyo hatukuwahi kumpa jina.

Kisha miaka ikapita kimya, halafu ukaja wewe tumboni. Bibi yako alifurahi kuliko sisi sote. Kila akinipita alinigusa tumbo na kusema, "Aikaeli anarudi." Alikuwa ananifariji, sasa naelewa. Wakati ule kila aliposema hivyo nilitafuta kazi ya kunitoa karibu naye. Jina lile nililiita alfajiri ile lisiitikiwe, na sikuwa na nguvu za kuliita tena. Hilo lilikuwa neno la kumwambia mama mkwe, taratibu, tukiwa wawili tunachambua maharage. Sikulisema. Nilikuwa nimelelewa kuamini kwamba heshima kwa mama mkwe ni kunyamaza, na nilinyamaza vizuri sana.

Siku hizo nilikuwa nauza ndizi na maparachichi sokoni Kwa Sadala. Kando yangu alikaa mwanamke wa makamo, mtu wa Handeni, aliyepanga chumba Pasua, kule Moshi mjini, na kuja kwetu siku za soko kuuza mikeka. Sisi wote tulimwita Mama Mikeka. Alikuwa na mdomo mwepesi, anajibizana na wanunuzi mpaka wanasahau bei, na alipoona tumbo langu limekuwa kubwa alinitandikia mkeka mmoja wa kuuza nikae juu yake. Nikimwambia utachafuka anasema, "Nitamwuzia asiyeona vizuri."

Uchungu ulinishika sokoni, kabla ya wakati wake, katikati ya masika. Mvua ilikuwa inamwagika hata watu hatusikilizani chini ya mabati. Nilishika nguzo ya kibanda nikajua. Mama Mikeka aliacha mali yake kwa mwenye maharage, akasimama barabarani mbele ya pikapu iliyokuwa inapeleka kabichi Moshi. Dereva akamwambia gari limejaa. "Basi shusha kabichi," akasema, naye mwenyewe akaanza kuzishusha. Wakanilaza nyuma chini ya turubai.

Hatukufika mbali. Maji yalikuwa yamepanda juu ya daraja, magari yamesimama mstari mrefu, hakuna wa kwenda mbele wala wa kurudi nyuma. Mle chini ya turubai palikuwa giza na harufu ya kabichi. Nilimwambia, "Nakufa."

"Si kitu, mama. Nishike hapa."

"Na huyu naye atakufa. Wote wanakufa."

"Si kitu. Nitazame mimi, usisikilize maji. Sukuma."

Ukatoka. Hukulia.

Kimya kile nilikuwa nakijua, nilishakisikia mara moja. Nilijifunika uso kwa khanga kwa sababu sikutaka kuona mtu akitafuta maneno ya kuniambia. Nikamsikia anakuvuta ute puani kwa mdomo wake na kutema, anakupiga nyayo, anakusugua mgongo kwa pindo la nguo yake, na wakati wote anasema kama mtu anayehesabu, si kitu, si kitu, si kitu. Halafu ukapiga kelele. Ulipiga kelele ya hasira, mwanangu, kama mtu aliyeamshwa usingizini bila sababu. Dereva alikuwa amesimama nje kwenye mvua, akaanza kupiga ubao wa gari kwa kiganja na kuwaambia watu wa magari mengine. Wakapiga honi. Hiyo ndiyo sherehe yako ya kwanza.

Maji yalipopungua tulifika hospitali, kule Mawenzi. Wakatupokea vizuri, wakakufunga blanketi, wakakulaza kifuani pangu. Asubuhi Mama Mikeka akaja na chupa ya uji. Niliona aibu, nikamwambia, "Hivi dada, jina lako nani? Tumekaa pamoja masika nzima nakuita kwa mikeka."

"Sikitu."

"Si kitu nini? Nakuuliza jina."

Alicheka mpaka uji ukamwagika kwenye shuka. "Ndilo jina lenyewe! Mimi naitwa Sikitu." Nikakumbuka mle chini ya turubai, nikaanza kucheka na mimi, ingawa kucheka kuliniuma kila mahali.

Kisha akakaa ukingoni mwa kitanda akanisimulia. Mama yake alizika watoto wanne kabla yake. Alipozaliwa yeye, bibi yake alimchukua akamlaza jalalani nyuma ya nyumba na kusema kwa sauti, "Hiki si kitu, tumekitupa." Shangazi akapita kama mtu asiyejua lolote, akamwokota: "Jamani, nimeokota mtoto!" Walifanya hivyo ili kifo kikipita mlangoni kisione cha kuchukua.

"Wengi wakilisikia jina wanadhani nilidharauliwa," akaniambia. "Mimi sikudharauliwa. Nilifichwa."

Akasema pia kwamba kwao hakuna anayelishangaa. Ukiita Sikitu kisimani wanageuka watatu, ikabidi mmoja aitwe Sikitu Mrefu na mwingine Sikitu wa Barabarani. Huku kwetu mlimani sikuwahi kulisikia, na mpaka leo sijakutana na mwingine. Akaongeza kwamba yeye analipendea jambo jingine. "Mtu akikukanyaga bahati mbaya akashtuka, unamwambiaje? Si kitu. Ni neno la kumtoa mtu hofu. Mimi nimelibeba mwilini."

Baba yako alifika amelowa mpaka soksi. Alikaa anakutazama kwa muda mrefu, anakugusa kidole kimoja kimoja. Nikamwambia, "Anaitwa Sikitu."

Hakuuliza maana. Aliuliza, "Mama atasemaje?"

"Sijui."

"Basi nitamwambia mimi."

Lakini hakumwambia mapema. Tulipofika nyumbani bibi yako alikuwa ameshawasha moto, chungu cha mtori wa ndizi kimeiva, amevaa kitenge chake cha kanisani. Akanyoosha mikono. "Nipeni Aikaeli wangu nimwone."

Nikakuweka mikononi mwake. Baba yako akakohoa. "Mama, huyu tumempa jina lingine. La yule mama aliyemwokoa."

"Jina gani?"

"Sikitu."

Bibi akarudia polepole, kama anaonja chakula kilichoharibika. "Si kitu? Damu yangu si kitu?" Kisha akaniangalia mimi, si mwanawe. "Kwa hiyo jina langu ndilo lililomwua yule."

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Jibu nilikuwa nalo, mwanangu, lilikuwa tayari kwenye ulimi. Nikatazama chungu cha mtori. Akakutua mapajani pangu, akanipakulia bakuli, akaondoka bila kuaga.

Usije ukafikiri alikutupa. Alikuja kila siku ya uzazi wangu. Alikuogesha, alinipikia, alinikanda mgongo kwa maji ya moto. Ila jina lako hakulitamka. Alikuita "mtoto." Na mimi, ambaye sokoni, kanisani na njiani nilikuwa nimeshakuwa Mama Sikitu, yeye peke yake aliniita Nuru, kama nilivyoitwa siku niliyoolewa, kama mwanamke asiye na mtoto. Hakuna aliyeweza kumlaumu. Nuru ni jina langu. Lakini kila akiliita nilijua anasema nini.

Baba yako alijaribu. Alichukua tawi la isale, lile ambalo kwetu mtu akikuletea huna budi kusamehe, akampelekea mama yake kwa mikono miwili. Bibi akalipokea. "Nimesamehe," akasema. "Lakini msinilazimishe kuliita." Akalichomeka kwenye ua wa lango lake, na kwa kuwa isale haihitaji kubembelezwa, likaota. Likawa refu kuliko wewe, na neno lake likawa palepale.

Siku ya ubatizo mzee mmoja wa kanisa alitaka tuongeze jina la Kikristo. Mchungaji akamwambia, "Akishabatizwa ni wa Kristo, hata kama angeitwa Mgomba." Watu wakacheka. Bibi alikuwa kwenye benchi la nyuma. Jina lako liliposomwa niligeuka kumwangalia. Alikuwa ameinama anafunga kiatu, kiatu ambacho hakikuwa na kamba.

Nimefikiri sana juu ya miaka ile. Tulikuwa tunagawana chumvi, moto na maziwa, tunafunguliana maji ya mfereji, tunauguzana malaria, na katikati yetu pana neno moja ambalo hakuna aliyeligusa. Nilijiambia nasubiri apoe. Sasa najua kwamba yeye naye alikuwa ananisubiri mimi. Ukiishi na watu huko, na pakatokea jambo la namna hiyo, mimi sina ujanja wa kukupa zaidi ya huu: usisubiri lipoe. Lilipopoa kwetu liligeuka jiwe.

Ukaanza shule. Hapo ndipo mambo yalipogeuka, na sehemu hii unaikumbuka nusu tu, kwa sababu ulikuwa unalia na hukuona kila kitu.

Watoto walikutungia wimbo: Sikitu si mtu, si kiti, si kijiti. Ulikuwa unarudi nyumbani umenuna, unasema kichwa kinauma. Siku moja nilikuwa nachuma kahawa upande wa juu wa mfereji, nikasikia wimbo unakuja njiani. Walikuwa wavulana watatu nyuma yako na wewe umeziba masikio na daftari. Nikaweka kikapu chini ili nishuke. Kabla sijafika, bibi yako akatokea kwenye kona na mzigo wa majani kichwani.

Alisimama. Wavulana nao wakasimama, wakamwamkia shikamoo kwa haraka. Hakuitikia.

"Nani si mtu?" akauliza.

Wakatazamana.

"Nimeuliza. Nani hapa si mtu?"

"Tunataniana tu, bibi," mmoja akasema.

"Wewe ni mjukuu wa Elia, wa pale darajani. Unajua babu yako alipokuwa mdogo tulimwitaje?"

"Hapana, bibi."

"Mimi najua. Nikikwambia hutalala." Akatua mzigo wa majani chini, kitu ambacho bibi yako hafanyi njiani, maana kujitwika tena ni kazi. "Sikilizeni. Huyu amezaliwa kwenye mafuriko, juu ya kabichi, hana pumzi. Jina hilo ndilo lililomtoa. Atakayeliimba tena nitamfuata mpaka kwao, nile chakula cha jioni hapo nikiwasimulia wazazi wake." Kisha akakunyooshea mkono. "Sikitu. Njoo unisaidie kujitwika."

Nilikuwa nimejificha nyuma ya mibuni, nimeshika tawi. Miaka saba sikuwa nimelisikia jina hilo kinywani mwake. Na kumbe alikuwa anaijua hadithi yote, ya kabichi na ya mvua. Baba yako alimsimulia mara moja tu akidhani hasikilizi.

Mkashika njia, wewe umeshika pindo la kitenge chake. Mimi nilirudi kwenye kahawa yangu, nikachuma mbichi na mbivu pamoja, sioni. Baadaye kidogo nikasikia sauti kutoka uani kwake, ile sauti yake ya kuitia watu ng'ambo ya bonde.

"Mama Sikitu! Mama Sikitu, huyu mtoto hajala!"

Nilikimbia, mwanangu. Mtu mzima mwenye kikapu cha kahawa, nilikimbia kati ya migomba kama naitwa kwenye moto.

Nilikukuta unakula ndizi na maharage umeshasahau kulia. Bibi akakutuma ukatazame kama kuku wametaga, akaniambia, "Kaa." Nikakaa kwenye kigoda. Akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

"Niambie sasa," akasema. "Jina langu lilikukosea nini?"

Safari hii nilisema. Nilimwambia habari za alfajiri ile, jinsi nilivyoita Aikaeli, Aikaeli, mpaka baba yako akanishika mikono. "Sikuliogopa jina lako, mama. Niliogopa kuliita tena nyumba ikakaa kimya."

Nikaona anatokwa machozi, na mimi sikuwa nimewahi kumwona bibi yako akilia, hata msibani hulia akiwa amegeukia ukuta. "Mimi nilimbeba mgongoni," akasema. "Aliitwa mimi mdogo. Walipomzika walilisoma jina langu pale kaburini, nami nimesimama nasikia. Nikasema moyoni, akija mwingine atalitoa jina langu shimoni. Akaja, mkamwita lingine. Nikabaki mle."

"Sikujua, mama."

"Ungejuaje? Nilikwambia?" Akajifuta kwa mgongo wa mkono. "Wewe unalia nyumba ile, mimi nalia nyumba hii, na ni mtoto mmoja."

Nikamshika mkono. Ukarudi na mayai mawili mkononi, ukatukuta tumeshikana, ukauliza nani amekufa. Bibi akacheka kwa nguvu, akasema, "Hakuna. Leo hakuna aliyekufa." Usiku ule nililala usingizi ambao nilikuwa nimeusahau, na asubuhi baba yako akaniambia nilikoroma.

Bibi akataka kumwona yule Sikitu mwingine. Tukashuka wawili mpaka Pasua, tukaambiwa amerudi Handeni, mumewe anaugua. Jirani yake akampigia kwa simu yake, akanipa. Nikampa bibi, naye akaishika kwa mikono miwili, mbali kidogo na sikio, akapaza sauti kana kwamba Handeni ni ng'ambo ya bonde.

"Mimi ni bibi wa mtoto! Yule wa kwenye mvua! Nimechelewa sana. Nakupigia kusema aika. Kwetu maana yake asante. Aika, mama. Aika sana."

Na sauti ya yule mwanamke ikasikika mpaka nilipokuwa nimesimama: "Si kitu, mama. Si kitu."

Bibi akashusha simu akaitazama, kisha akanitazama mimi. "Umesikia?" akaniambia. "Umesikia alivyonijibu?" Njia nzima ya kurudi alikuwa anajisemea mwenyewe, aika, si kitu, aika, si kitu, na kutikisa kichwa na kucheka. Mimi sikuwa nimewahi kuyaweka majina hayo mawili pamoja. Miaka yote niliyaona yanagombana.

Jana nilimwambia bibi kwamba unataka kujiita Aika. Nilidhani atafurahi. Alikuwa anatafuna muwa kwa yale meno yaliyobaki. "Mwambie Aikaeli ni mimi," akasema, "na jina langu bado nalitumia. Asubiri nimalize." Kwa hiyo ukiling'ang'ania itabidi muelewane wenyewe. Ukienda kumuaga usianzishe mada hiyo ukiwa na haraka.

Jambo jingine ambalo labda yule bwana wa usaili hakulijua. Kule Lindi ni pwani. Sina hakika, lakini kwa alivyoniambia yule Sikitu wa Handeni, huko pwani jina lako si ajabu. Utamkuta bibi anauza mihogo anaitwa hivyo, au mke wa mtu jirani. Akikusikia unaitwa atakuuliza, "We, umesema Sikitu?" Na ukikubali atakuita somo, maana ndivyo wanavyoitana wa pwani wenye jina moja, na kuanzia siku hiyo utakuwa na ndugu. Umelibeba jina hilo miaka yote hii peke yako kwenye mlima mzima. Usilitupe siku tatu kabla ya kukutana na wenzako. Ukishakutana nao, kama bado hulitaki, basi.

Nilifikiri nitaishia hapo. Nilikuwa nimeshaanza kukunja karatasi pale Upendo alipobisha hodi, yule wa nyumba ya bondeni ambaye mumewe hupandisha wageni mlimani. Alikuwa na mtoto wake mchanga begani. Hakuwa ametoka nje tangu ajifungue, nikamkaripia kwa nini anatembea na kichanga kwenye ubaridi huu. Akasema amesikia unaondoka kesho.

"Nina ombi, mama," akasema. "Ila linamhusu mwenyewe."

Nikamwambia akae, nikamwuliza ombi gani. Akaona haya, akamfunua mtoto uso. "Huyu ni binti wa tatu. Majina ya bibi zake yote yameshachukuliwa na dada zake, baba yake ameniachia nichague. Sikitu ndiye aliyelala kwangu mwezi wote mume wangu akiwa juu. Ndiye aliyenishika mkono mpaka mlango wa leba. Nataka nimwite huyu jina lake. Atakubali?"

Nilimwambia mimi sina mamlaka. Jina tulishakupa, na kitu ukishampa mtu humsemei. Akasema atasubiri. Nikamwekea chai.

Naandika maneno haya ya mwisho baada ya ninyi kurudi. Sikukwambia anataka nini, nilikwambia tu uketi kwanza, umpokee mtoto, nami nikaenda jikoni nikajifanya naosha sufuria safi. Nilimsikia Upendo akiuliza. Nikasema moyoni, akikataa ni haki yake, na nikaendelea kusugua ile sufuria. Kisha nikakusikia ukimwuliza, "Unajua maana yake lakini?" Akasema hajui vizuri. Ukaanza kumweleza vile vipande ulivyopata kwetu. Ulianza na mvua, ukaja kwenye kabichi, ukasema neno kuhusu yule dereva ambalo wala mimi sikuwahi kulisikia, nadhani umelitunga. Na ulipofika pale kwa "Si kitu nini? Nakuuliza jina," mlicheka wote, ila wewe ndiye uliyeanza.

Safiri salama, mwanangu. Ukifika piga simu hata kama ni usiku.

Mama yako,
Nuru